Neno Lililosemwa Ghalani

Aldercombe, Uingereza
8 Septemba 2024

Mke wangu Samira,

Shuleni Tanga mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza kwa afya, basi nianze hapo: sina homa wala mafua. Hofu iko kwako, maana najua umeshangaa kupata bahasha badala ya sauti yangu. Wakili amenikataza kukupigia. Anasema simu zinaweza kukaguliwa, na mwanamume aliyemwacha mkewe hazungumzi naye kila jioni. Tuandikiane. Barua zangu zitafikia dukani kwa binamu Naseeb pale Rockey Street, naye atakuletea Bellevue.

Umesoma sawasawa, nimeandika "aliyemwacha mkewe". Kaa kwanza, usiitupe barua.

Unajua mzee niliyekuwa namhudumia alifariki mwezi wa sita. Unajua kampuni iliyonileta imefungiwa, na kibali changu kinakwisha kabla ya Krismasi. Nikirudi Johannesburg narudi kufanya nini? Spaza yetu, kile kiduka cha Soweto, wachukia wageni walishaivunja mara mbili, na wewe mwenyewe ulisema safari ya tatu watatuchoma tukiwa ndani. Hata kibali hiki kingeongezwa, hakiniruhusu kukuleta wewe wala mtoto. Helen, binti wa yule mzee, amekubali tufunge ndoa ya serikali. Ni mtu mzima, amevuka sitini, amebaki peke yake kwenye jumba hili. Nikishapata ukaazi, ndoa ile itavunjwa nami nitawaleta kwa njia ya halali.

Ofisi ya ndoa ilitaka ushahidi kwamba nimekuacha. Nikaenda mjini kwa imamu mmoja Mpakistani, nikidhani atanigongea muhuri tu. Imamu akasema hagongi muhuri juu ya hewa, nitamke mbele ya mashahidi wawili. Nikatamka, Ijumaa hii baada ya swala. Talaka moja tu, Samira, tena kwa ajili ya karatasi. Nimekuwekea nakala ili ukiulizwa usikanushe. Moyoni hakuna kilichobadilika.

Mwambie Mwatumu baba anaishi kwenye nyumba iliyokuwa ya ng'ombe. Atacheka.

Mumeo,
Khatibu


Bellevue, Johannesburg
25 Septemba 2024

Khatibu,

Wewe umeanza kwa afya, mimi afya ya kuanzia sina. Naseeb aliniletea bahasha yako saluni, nikaisoma nikiwa nimemsuka mteja nusu kichwa. Ile nusu ya pili alimalizia Célestine, mwenzangu wa pale saluni.

Nilikwenda kwa shehe nikitumaini atanicheka. Aliisoma nakala yako mara mbili. Akaniuliza, "Alitamka, au aliandika tu?" Nikamwonyesha pale ulipoandika kwa mkono wako kwamba ulitamka. Akavua miwani. "Bibi, ndoa, talaka na rejea havina mzaha. Ukivisema kwa kweli ni kweli, ukivisema kwa utani ni kweli. Umeachika."

Umeachika! Hivi, Khatibu, wewe uliyekaa madrasa pale Ngamiani mpaka ukaota ndevu, hukulijua hilo? Au ulilijua ukaona Mungu naye ni afisa wa uhamiaji, atatazama karatasi apitishe? Kwa dini ungeweza kuoa wa pili na mimi nikabaki. Ningenuna, ningevunja sahani, lakini ningebaki. Sheria ya wenzetu hairuhusu wake wawili, basi ukaona bora sheria yao kuliko yetu.

Eda yangu ilianza siku uliyotamka, si siku nilipopata barua. Maana yake nilikuwa mtalaka nami nasuka nywele za watu na kucheka nao, sijui. Sasa natulia chumbani, sitoki ila kwa haja. Célestine, Mungu ambariki, ananiletea wateja hapa hapa. Yeye ni Mkatoliki wa Bukavu, mambo yetu yanamshangaza. "Dada, kwetu divorce ni mwaka muzima ku tribunal, na padri bado anakataa. Nyinyi ni neno moja tu? Eish! Na kurudisha pia ni neno moja? Basi aseme. Inamukataza nini?"

Nami nakuuliza hilo hilo. Talaka ni moja, mlango haujafungwa. Kabla eda yangu haijaisha, ukisema tu "nimemrejea mke wangu Samira", mimi ni mkeo kama zamani, bila mahari wala ndoa mpya. Eda ikipita kimya, wewe ni mtu baki kwangu, hata kichwa changu huna ruhusa ya kukiona. Basi sema. Sema, kisha niandikie kwamba umesema, ili nijue. Sitaki kanga, sitaki picha. Nataka hilo neno.

Mwatumu kachora nyumba yako. Ng'ombe wamekaa kwenye sofa, wewe umesimama nje. Anakataa kuniambia kwa nini uko nje, na hayo majibu yake siku hizi ni Kizungu kitupu.

Samira


Aldercombe
17 Oktoba 2024

Samira mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Nakuomba utulie. Kuna mambo mtu huyafanya na hayaandiki, hasa karatasi inapopita mikono mingi njiani. Moyo wako usiende mbio.

Acha nikueleze nyumba, maana Naseeb namjua, atakuwa anawatangazia watu wa Rockey Street kwamba Khatibu kavuka bahari kwenda kulala zizini. Hajadanganya sana. Hili lilikuwa ghala la shamba: ng'ombe upande mmoja, ngano na majani makavu upande wa pili. Kuta ni za mawe, nene hata simu haishiki humu ndani. Ukutani bado zipo pete za chuma walikofungia ng'ombe, na Helen anazitundikia taulo. Palipokuwa mlango wa mkokoteni wameweka kioo kutoka chini hadi juu. Mihimili yote imeachwa wazi, mikongwe na myeusi, na watu wa kijiji wakija kunywa chai huinua vichwa kuisifia. Sakafu ina joto lake yenyewe, unatembea pekupeku na nje kuna baridi ya kukata masikio. Mvua ikinyesha sana hunukia ng'ombe kidogo, lakini wao wanasema hawasikii chochote.

Kitu kimoja hakipo: vyumba. Wameliacha ghala zima wazi, na kitanda cha Helen kiko juu kwenye dari lililokuwa la majani, bila ukuta. Ukikohoa jikoni, aliye darini anakutakia afya. Unakumbuka mbao za chumba chetu, jirani akipiga chafya tunamwitikia? Nilidhani nyumba kubwa itanipa faragha. Humu hakuna pa kusemea jambo lako peke yako.

Zamani mbayuwayu walijenga viota humu. Hata sasa, Helen anasema, wakirudi hugonga kioo pale palipokuwa mlango. Wakati wa baridi huku, wao huhamia Afrika Kusini. Ukiwaona kwenye nyaya wasalimie.

Vumilia. Mvumilivu hula mbivu.

Wako,
Khatibu


Bellevue
5 Novemba 2024

Khatibu,

Mihimili nimeisoma, pete nimezisoma, sakafu yenye joto nimeisoma. Nimegeuza karatasi upande wa pili, nikaichungulia na bahasha. Neno halimo.

Ndege wako sijawaona. Siangalii nyaya, naangalia mlango nikimngoja Naseeb. Siku hizi akiingia mikono mitupu anaona haya, anasingizia kaja kumwangalia Mwatumu.

Nijibu mambo matatu kama mtu mzima. Hilo neno umelisema au hujalisema? Helen anajua kwamba ndoa yenu ni ya karatasi? Na kwenye nyumba isiyo na ukuta wewe unalala wapi?

Sikuulizi kwa wivu tu, ingawa wivu ninao na siuonei haya. Nauliza kwa sababu saa yangu inakwenda mwilini mwangu na siwezi kuisimamisha. Kila mwezi ninapooga nikatoharika najua kipande kimoja cha wewe kimeondoka. Shehe amenisomea tena, hakuna nyongeza. Célestine anasema nimekonda, ananilazimisha kula ugali wake wa muhogo. "Kula, dada. Kama atakuandikia, atakukuta na mafuta. Kama hataandika, utakuwa na nguvu ya kulia."

Mama kapiga simu kutoka Tanga kuuliza mkwewe hajambo. Nikasema hajambo, ana kazi nyingi. Nimekusitiri kwa mama yangu mzazi, Khatibu. Nisitiri na wewe kwa mstari mmoja.

Samira


Aldercombe
21 Novemba 2024

Samira,

Nakuandikia kwa haraka. Ndoa ya ofisini imefungwa Jumamosi iliyopita. Mashahidi walikuwa jirani na mwanamke mmoja wa kanisani. Helen alivaa bluu. Wakili amefurahi, anasema faili letu limekaa vizuri na jambo la muhimu ni kutoliharibu kwa uzembe.

Narudia: moyo wako usiende mbio. Unikumbuke nilivyokuwa, na unitegemee. Mengine nitakueleza siku tutakayokaa pamoja.

Mbusu Mwatumu.

Khatibu


Bellevue
2 Desemba 2024

Khatibu,

Barua yako ya harusi ililetwa asubuhi. Nilikuwa nimetoka edani juzi yake.

Nililingoja lile neno mpaka siku yenyewe. Nilipoona damu ya tatu, ile inayofunga eda, nilikaa chooni kwa muda, jirani akagonga mlango, nikamwambia nafua. Kisha nikaoga, nikavaa, nikaenda saluni. Njiani, pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, dereva wa teksi mmoja akaniita "sisi", kama wanavyowaita dada zao, akaniuliza mbona nalia. Sikujua kama nalia.

Nimeitoa kanzu yako nyuma ya mlango. Nimempa Naseeb.

Samira binti Juma


Aldercombe
27 Desemba 2024

Samira, mke wangu,

Mke wangu, narudia, wala usilifute neno hilo. Nilisema!

Siku ile nilipopata barua yako ya kwanza, Helen alikwenda dukani. Nilisimama mbele ya ukuta wa mawe, pale zilipo pete za ng'ombe, kwa kuwa upande ule ndio kibla. Nikasema kwa sauti, "Nimemrejea mke wangu Samira binti Juma." Nikarudia nisije nikawa nimelitamka vibaya. Wallahi wabillahi. Eda yako ilikuwa changa bado. Wewe hukutoka katika ndoa yangu hata siku moja. Umekaa eda kwa kutojua tu.

Kwa nini sikukuandikia? Kwa sababu barua ya mapenzi wakili anaweza kuieleza, lakini karatasi inayosema nimekurejea ni ushahidi wa ndoa mbili, na hapa ndoa mbili ni jela. Niliogopa bahasha ikifunguliwa. Niliogopa Naseeb, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Nilikuandikia "tulia" nikidhani utaelewa kwamba neno limeshasemwa. Nani mwingine angekuandikia utulie kama halijasemwa? Nilikuambia kuna mambo mtu huyafanya na hayaandiki. Ndilo hilo!

Sasa naliandika, liwalo na liwe. Mpelekee shehe barua hii.

Uliniuliza kuhusu Helen. Hajui. Anadhani ndoa ni ndoa. Amebandika jina langu kwenye kisanduku cha barua chini ya la baba yake. Jioni anawasha moto, ananisomea habari za kijiji, nami naitikia. Kuhusu pa kulala, naomba usiniulize. Nikimwambia ukweli nitakuwa nje na mizigo yangu siku hiyo hiyo, na yote tuliyoyavumilia yatakuwa bure.

Nina baridi, Samira, juu ya sakafu yenye moto. Niandikie kwamba umenisadiki.

Mumeo,
Khatibu


Bellevue
31 Januari 2025

Khatibu,

Barua yako nilimpelekea shehe kama ulivyotaka. Naseeb alikuja kama mtu wa upande wako. Célestine alikuja pia, akakaa nje kwenye ngazi na mkoba wangu.

Shehe aliisoma kwa sauti mpaka pale penye habari za ukuta na pete zake. Kisha akasema, "Rejea haihitaji mashahidi ili isihi. Kama alitamka, alitamka. Lakini eda imekwisha bila habari kukufikia, na yeye hana wa kumshuhudia. Ukimsadiki, wewe ni mkewe, nenda nyumbani. Usipomsadiki, utaapa kwamba hujui kama alikurejea, na yatakuwa yamekwisha. Neno ni lako."

Naseeb akaniinamia, "Shemeji, msadiki bwana. Nani anaweza kudanganya kwa jambo kama hili?"

Nilitaka kusema namsadiki. Mdomo ulishafunguka. Nilikwenda pale nikiwa nimepaka hina, ujue. Nilijipaka jana yake, nikijiambia narudi kwa mume wangu. Lakini shehe akaongeza neno moja, "Sema unachokijua, si unachokitamani," nami nikajiuliza.

Najua nini mimi? Ulimwambia imamu umeniacha, akakusadiki, akagonga muhuri. Ulimwambia Helen unampenda, akakusadiki, akabandika jina lako. Sasa unaniambia mimi umenirejea. Mimi ni wa tatu kwenye foleni, Khatibu, na walionitangulia wote umewadanganya. Labda kwangu ni kweli. Nimejaribu kukuona mbele ya ukuta ule ukisema. Siku nyingine nakuona kabisa, mpaka na soksi zako. Siku nyingine naona ukuta peke yake.

Kuniacha uliniacha mbele ya watu, ukatia sahihi, ukaweka muhuri, ukanitumia nakala. Kunirejea ukauambia ukuta wa ng'ombe. Nilikuomba mstari mmoja. Uliniona nikiuomba, barua hadi barua, ukaniandikia habari za mbayuwayu. Mwanamume aliyeogopa jela namwelewa, Wallahi namwelewa, hapa Johannesburg nani haogopi? Lakini ulikuwa na hofu mbili, ya kukamatwa na ya kunipoteza, na kila ulipochukua kalamu ile ya kwanza ndiyo iliyoandika.

Nikaapa. Nimeapa kwamba sijui. Na kweli sijui, na hilo linaniuma kuliko talaka yenyewe, kwamba nimelala na wewe kitanda kimoja miaka yote ile, nimekuzalia, na nikiulizwa kama unasema kweli, jibu langu la haki mbele ya Mungu ni sijui. Nilipotoka, Célestine aliona mikono yangu na hina yake. Alisema tu, "Twende, dada, mvua inakuja."

Shehe anataka nikufahamishe kwamba njia ya ndoa mpya iko wazi. Utume posa Tanga kwa baba mdogo, kwa mahari mpya, mbele ya mashahidi. Nimekufahamisha. Sote tunajua wewe na mimi kwamba mbele ya watu ndipo usipoweza kufika.

Naondoka na Mwatumu kurudi Tanga shule zikifungwa. Yeye ni mwanao, mpigie simu. Wakili hana tena sababu ya kukukataza, maana sasa huna unachokificha.

Samira


Aldercombe
22 Februari 2025

Mama Mwatumu,

Nilisema kweli. Sitalirudia tena.

Barua yako ilifika Helen akiwa mezani. Humu hakuna pa kwenda kusomea, basi niliisoma pale pale mbele yake, mpaka mwisho. Akaniuliza imetoka kwa nani. Jibu la swali hilo nimeshalitoa kwa wakili, kwa ofisi ya ndoa, kwa majirani wa chai na kwake yeye mwenyewe, na kila nilipolitoa nilijua moyoni kuwa ni uongo, na ndiyo maana nilikuwa na nguvu ya kulisema. Nikamjibu vile vile, "Kwa mtalaka wangu." Safari hii ulimi ulikwama katikati.

Akanishika mkono, akasema pole, akanimiminia chai.

Simu haishiki humu ndani. Jumapili nitatoka nje, nipande mpaka kwenye ukuta wa kanisa, nimpigie Mwatumu.

Khatibu